Ukosi wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani hakati uzi kwa mkasi. Huukata kwa meno, kisha huulaza mshono kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama anayemfuta mtoto machozi. Nguo zake zote, hata za kushindia nyumbani, amezitarizi ndani ya ukosi kwa uzi mwekundu: "Penisilini na mimi hatupatani." Tangu ile sindano iliyomvimbisha uso mpaka macho yakafumba, hilo hana mzaha nalo. Wifi yake humcheka: "Umejiandika kama gunia!"

Leo koo limemvimba, sauti haitoki, na wifi ndiye msemaji wake. Wifi akamweleza daktari homa, kikohozi, hata kelele za majirani, bila kumpa nafasi ya kuuliza lolote. Lile moja la penisilini akalisahau. Daktari akaanza kuandika amoksilini. Fundi akagonga meza, akainama, akapindua ukosi.

"Ala! Hii nayo ni ya ukoo wa penisilini," daktari akasema, akaifuta, akaandika nyingine.

Wifi akatoka kifua mbele, akawatangazia wagonjwa kwenye benchi, wala hawakumuuliza: "Mnamwona huyu? Wifi yangu huyu! Na ule uzi katarizi mwenyewe!"