Bima ya Mtu Asiye na Mwajiri

Maziwa yalimwagika yote. Ng'ombe hakunipiga teke wala mimi sikuteleza. Niliruka mwenyewe, na uzee wangu huu, nikaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Ndoo ikapinduka na povu likaishia kwenye samadi. Mke wangu alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Mzee! Amekupiga?"

"Nyamaza kwanza. Sikiliza redio."

Huwa tunaweka redio ndogo kwenye dirisha la zizi wakati wa kukama, kwa kuwa mke wangu anaamini ng'ombe wetu hutoa maziwa vizuri akisikia watu wakizungumza. Asubuhi hiyo alikuwa akizungumza wakili mmoja, mwanamke, akijibu maswali ya wasikilizaji kuhusu mikopo. Alisema kwamba ikiwa benki ilikuuzia bima ya kukulinda ukipoteza kazi, na ilijua wazi kwamba hujaajiriwa na mtu, basi ilikuuzia kitu ambacho kisingeweza kukufaa hata siku moja. Dai pesa zako, akasema. Kisha akarudia: dai.

Ni neno hilo la pili lililomwaga maziwa.

Miaka kadhaa kabla ya hapo nilichukua mkopo nijenge stoo ya viazi. Hapa Dundori sote huvuna wakati mmoja na kuuza wakati mmoja, na lori la mnunuzi likifika shambani, bei ni ile anayoitaka yeye. Mwenye stoo anaweza kungoja. Benki moja ya Nakuru ilikubali kunikopesha, lakini ikataka mdhamini. Nikamwendea shemeji yangu, kaka ya mke wangu, anayeishi Elburgon. Alikuwa na msumeno wa injini, wake mwenyewe, na wenye mashamba walimwita huku na huku awapasulie miti yao kuwa mbao. Msumeno ule ulikuwa ndio ng'ombe wake na ndio pensheni yake.

Afisa wa mikopo alikuja mwenyewe kukagua shamba. Mvua ilikuwa imenyesha. Gari lake lilikwama kwenye tope karibu na lango, na mimi na shemeji tukalisukuma mpaka tukabadilika rangi. Mke wangu akapika viazi, na afisa akala sahani mbili. Kisha akatoa karatasi akaanza kuzisoma kwa Kiingereza, mbiombio.

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Kwa rika langu huku mlimani hilo si jambo dogo. Miaka mingi nimekuwa mtu anayeletewa barua za wengine azifafanue. Kwa hiyo nilikuwa natikisa kichwa huku nusu ya yaliyosomwa ikinipita. Alipofika kwenye bima, afisa alisema ni lazima, bila hiyo mkopo hautoki, na itakatwa humo humo kwenye mkopo. Nikatikisa kichwa tena.

Shemeji alikuwa ameshika kalamu, hajaandika. "Na huyu akishindwa kulipa?" akauliza.

Sikumpa afisa nafasi ya kujibu. "Shemeji, si umesikia kuna bima? Hata nikianguka leo, wewe hutaguswa."

"Lakini umeelewa vizuri?"

"Kwani mimi nilienda shule kufuata uji?"

Tulicheka sote, naye akacheka, akatia sahihi.

Nikaanguka kweli. Nilikuwa nikipigilia bati la stoo hiyo hiyo, ngazi ikateleza, nikavunjika nyonga. Msimu mzima nilikuwa kitandani nikitazama magugu yakimeza viazi. Nilipoweza kutembea kwa mikongojo nilienda benki nikaulizia bima. Waliniambia nilete barua ya mwajiri wangu. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza mwajiri wangu ni nani. Mvua? Sikumwambia mtu. Niliona ni kosa la mtu aliyetikisa kichwa, na mtu huyo alikuwa mimi. Benki ikamgeukia mdhamini. Shemeji aliuza msumeno, akamaliza deni, na hakunitukana hata kidogo. Alianza kupakia mbao za watu wengine kwenye malori, na hakukanyaga tena kwetu.

Sasa binti yetu wa mwisho alikuwa ameposwa. Kwetu, mahari haipokelewi kama kaka ya mama yake msichana hayupo. Mjomba ana mbuzi wake na kiti chake, na baraka zake hazitolewi na mtu mwingine. Mke wangu alikuwa akimpigia simu kaka yake, naye anajibu kwa upole kwamba kazi ni nyingi. Wageni walikwisha kuambiwa waje baada ya mavuno. Ndiyo maana niliporuka pale zizini sikuziona pesa. Nilimwona shemeji ameketi kwenye kiti chake.

Nilivaa koti la kanisani nikateremka Nakuru. Kabla sijatoka, mke wangu alinionya: "Ukifika huko usiongee Kizungu. Ongea lugha unayoiweza ukikasirika."

Laini ilikuwa ndefu. Msichana wa dirishani, mwenye adabu zake, aliitazama kompyuta. "Mzee wangu, mkopo huu ulishafungwa. Huna deni."

"Najua. Nyinyi ndio mna langu. Nataka pesa ya bima."

"Bima ilikuwa lazima, mzee."

"Ilikuwa inanilinda na nini?"

"Ukifutwa kazi. Ama ukiugua na mshahara usimame."

"Mimi ni wa viazi, Dundori. Angenifuta nani?"

Nyuma yangu mwanamume mmoja aliyevaa koti la bodaboda alidakia, "Labda viazi vingekuandikia barua, mzee!" Laini yote ikacheka, hata askari wa mlangoni.

"Ngoja, ngoja," akasema mama mmoja mnene aliyebeba kikapu kinachonuka dagaa. "Hata mimi walinikata hiyo. Nauza omena pale Rhonda. Nani ataniachisha kazi mimi? Omena?"

"Mathe, omena wamekufuta!"

"Cheka tu. Na wewe wa boda, mwajiri wako ni nani? Pikipiki?"

Yule wa boda aliacha kucheka. Alisogea dirishani akanipita. "Boss, hebu niangalilie. Kwani hata mimi nilikatwa?"

Basi ukazuka mkutano. Huyu anauliza, yule anatafuta risiti mfukoni, mama wa omena ameweka kikapu chake chini kama mtu aliyefika kulala. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo nikiwa kwenye laini. Miaka yote nilidhani mjinga ni mmoja tu, na amelala Dundori na nyonga iliyovunjika.

Meneja alitoka, akanishika mkono kwa heshima, akaniingiza ofisini kwake. Aliagiza chai. Alisoma mambo yangu kwenye kompyuta, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mzee, ulitia sahihi. Na naona umesoma. Ungeuliza."

Zamani ningetikisa kichwa. "Ni kweli," nikamwambia. "Sikuuliza, na aliyeuliza nilimnyamazisha. Hilo ni kosa langu na sijakuletea. Nimekuletea la kwenu."

"Benki isingeweza kujua kama umeajiriwa au la."

Nilikuwa kama mcheza karata aliyebakiwa na moja, na anajua ni ipi. "Afisa wenu alikuja kukagua shamba," nikasema. "Gari lilikwama, tukalisukuma. Alikula viazi vyangu sahani mbili. Mtu wa mshahara, bwana meneja, hukaguliwa shamba?"

Meneja aliinua macho. "Mlisukuma gari?"

"Mimi na mdhamini wangu. Yule mliyemfanya auze msumeno."

Aliandika kitu. Hakuahidi lolote, na chai ilipoa bila mtu kuinywa.

Jibu la kwanza lilikuwa hapana, la lugha nzuri sana. Nililipeleka kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya bima, na mama wa omena akapeleka lake. Tulikuwa tukipigiana simu kama vijana wanaongoja matokeo ya mtihani. "Mzee wa viazi, umesikia kitu?" "Bado, mama. Na wewe?" "Hawa watanijua!" Mke wangu alianza kuuliza huyo mwanamke wa simu ni nani. Nilipomwambia ni omena wa Rhonda, alicheka mpaka akakaa chini.

Ujumbe wa benki uliingia nikiwa kwenye matuta, tukivuna. Niliusoma, nikavua kofia, nikausoma tena bila kofia. Halafu nikakimbia. Daktari alikuwa amenikataza kukimbia. Nilifika jikoni nikihema, nikamsukumia mke wangu simu. Alihesabu sufuri kwa kidole, akauliza kama hizo zote ni zetu. Walikuwa wamerudisha bima yote, pamoja na riba waliyotutoza juu yake. Haukuwa utajiri. Ilitosha msumeno wa injini, na kidogo cha juu.

"Nimtumie shemeji sasa hivi kwa simu," nikasema.

"Ukituma kwa simu atazirudisha kabla hujafunga mdomo. Mimi namjua, tulinyonya titi moja. Mnunulie msumeno. Msumeno haurudishwi kwa simu."

Niliununua siku iliyofuata mjini Nakuru, mpya, ukiwa bado na karatasi kwenye bapa lake. Njia nzima ya Elburgon nilikuwa nimeupakata magotini huku nikitunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, ina methali.

Nilimkuta kwenye uwanja wa mbao, ubao begani, vumbi la msumeno likiwa limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Aliniona, akaona nilichobeba, na hotuba yangu ikapotea.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji. Siku ile nilikuambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilimwonea haya yule afisa, nikaona afadhali wewe uingie shimoni kuliko mimi nionekane sijui. Benki imerudisha pesa ya bima. Huu ni wako."

Wapakiaji wenzake walikuwa wamesimama. "Mzee, hiyo unauza?" akauliza mmoja.

"Siuzi."

Shemeji aliteremsha ubao polepole. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaupokea msumeno, akaupima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya mnyororo. Kisha akauweka chini, akaukanyaga kwa mguu, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena kwa nguvu. Kimya. Akilini nilimwona yule wa dukani akizihesabu pesa zangu huku akinicheka. Shemeji alifungua kifuniko, akachungulia ndani, akanitazama.

"Shemeji, hii imekauka."

"Imekauka nini?"

"Mafuta. Umeniletea msumeno bila hata tone la mafuta. Ulifikiri inaenda kwa maombi?"

Wale wapakiaji waliangua kicheko. Shemeji alijizuia, akajizuia, halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Kumbe ni kweli," akasema, "ulienda shule kufuata uji."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Lakini nilipomwambia kwamba wageni wa binti yetu wanakuja Jumamosi, uso wake ulitulia. "Jumamosi kuna malori ya kupakia," akasema. "Tutaona." Nilirudi nyumbani na hayo, nikamwambia mke wangu vile vile yalivyo, bila kuongeza sukari. Alitandika kitambaa kwenye kiti cha mjomba.

Jumamosi niliamshwa na ngurumo. Nilidhani ni trekta la jirani. Halafu ikapanda juu, ikalia kwa sauti nyembamba, ikashuka, na nikajua. Kule chini ya shamba kuna mti wa msaiprasi ulioangushwa na upepo mwaka ule niliovunjika. Haukuwahi kupata mtu wa kuukata. Nilitoka bila viatu. Shemeji alikuwa amekwisha kuugeuza nusu yake kuwa kuni za sufuria za sherehe, na vipande vyeupe vilikuwa vimetapakaa kwenye nyasi zenye umande. Harufu yake ilifika mpaka zizini. Mke wangu alikuwa amenitangulia, kikombe cha chai mkononi, anamwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo mimi siruhusiwi kulitumia.

Shemeji alizima injini, akachukua chai, akanitazama juu ya kikombe.

"Nimesikia mjomba ana mbuzi wake leo," akasema. "Nani ananidhaminia kwamba nitampata?"

Nikafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," mke wangu akasema.