Jiografia ya Korongo

Dereva wa bodaboda wa hapa kwetu Rhotia hamalizi safari bila kutaja jiografia. "Shikilia, babu, jiografia ya hapa ni utelezi." Kabla ya kuvuka korongo huzima pikipiki, huokota udongo mwekundu, huufinya kiganjani na kusikiliza upande wa juu wa korongo. Juzi alimbeba binti yangu Selestina, ameshikwa na uchungu wa kuzaa, nami nimemshikilia kwa nyuma. Huko juu msituni mvua ilikuwa nzito. "Vuka hapa hapa, hospitali ni karibu!" Selestina akapiga kelele. Dereva akafinya udongo, akageuza pikipiki. "Dada, kwa jiografia ya leo, tuzunguke." Selestina akamtukana. Hatujafika mbali, tukasikia maji yakishuka korongoni na mawe. Asubuhi yake nilimpelekea habari kwamba mtoto amezaliwa salama. Alikuwa akikwangua udongo kwenye kucha. "Na matusi je, babu, yameisha?"