Nilivyomuacha Muke Wangu wa Sinema

Katika shule yetu ya misheni pale Kasongo, mimi peke yangu nilikuwa na njia ya nywele, imechongwa kwa wembe toka paji la uso mpaka utosini. Mama mukubwa, dada ya marehemu mama yangu, aliyenilea, aliichukia. Alisema nimegeuza kichwa barabara ya kamyo za mizigo. Sikujali. Kaptula moja, kipara kimoja, amina moja: sisi wote tulifanana. Mimi nilitaka kuonekana.

Basi nikaonekana. Padri aliyetufundisha, ambaye alikuwa ameapa kuninyoa, alipata kamera. Akataka sinema fupi isiyo na sauti ya kufundisha vijiji namna watu wastaarabu wanavyokula: mezani, kwa uma, mume na muke na mama mukwe pamoja. Ile njia ikampendeza ghafla, nikawa mume. Wasichana wa shule ya masista hawakuruhusiwa kwetu, kwa hiyo muke wangu alikuwa rafiki yangu wa darasa, kitambaa kichwani, miguu ya mupira chini. Mama mukubwa alikuwa mupishi wa mapadri, akafanywa mama mukwe.

Sasa, kwetu mukwe na mama mukwe hawaonani uso, wacha kula pamoja. Aliponiona mbele yake na tai yangu, mama mukubwa alitupa uma akakimbilia jikoni. Padri akamurudisha. Akakimbia tena. Mwishowe akajifunika kitenge kichwa kizima, akapitisha wali chini yake. Padri akasema huo si ustaarabu, lakini filamu ilikuwa imekwisha.

Jioni nikaenda kwake kula kama siku zote. Aliposikia nakohoa, akatoka kwa mulango wa nyuma. Sahani yangu niliikuta nje, imefunikwa. Kesho yake vilevile. Nikamuuliza kupitia ukuta wa matete ana wazimu gani.

"Sinema haina mudomo," akasema. "Kule vijijini Wamaza wataona nakula na mukwe wangu. Nani atawaambia ilikuwa muchezo? Angalau hapa waone niko na haya."

Nikala nje, nimeudhika. Halafu balaa: muke wangu, yule mucheza mupira, alikuwa sasa binti yake. Alikaribishwa ndani, akakaa kwenye kigoda changu, akapewa ukoko wa wali ambao ulikuwa wangu tangu niote meno. Akanenepa, mushenzi yule. Mimi nilimukosa mama mukubwa mpaka kulia, nikasingizia moshi. Na Padri, sinema ikiwa imekwisha, akaninyoa kipara.

Nikapeleka jogoo, kama wakwe wanavyofanya kuondoa haya. Akajibu toka ndani kwamba jogoo anafungua njia ya mukwe tu.

"Unataka mama mukwe ao unataka mama?"

Nikamuburuta rafiki yangu mpaka pale mulangoni, nikatangaza mbele ya majirani kwamba namuacha: hajui kupika, na muguu wake wa kushoto haufungi hata bao moja. Alilia kweli. Alikuwa analilia ukoko. Akaomba angalau jogoo, nikamupa.

Mulango ukafunguka. Mama mukubwa hakuwa ameniona uso tangu siku ya meza ile. Akakishika kichwa changu kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku.

"Nani alikunyoa hivi? Njia yako iko wapi?"

Nikasema ni Padri. Akaguna. Nywele zilikuwa zimeanza kuota kidogo tu. Akaniambia niketi kwenye kigoda changu, akaenda kuleta wembe, akaanza kuichonga njia upya yeye mwenyewe, na iliendelea kupinda kushoto.