Wivu wa Mpiga Makasia wa Igombe

Luhende alianza kumwonea wivu mkewe siku ya tatu tangu mashine ya samaki ifike Igombe. Mwenyewe hakuwahi kulikana jambo hilo, hata baada ya miaka. Alikuwa mrefu, mabega mapana, maneno machache, na katika kijiji chetu cha ujamaa pale bwawani hakuna aliyeyajua yale maji kumzidi. Kabla bonde halijajazwa alikuwa amekata miti ya mininga humo. Maji yalipopanda, yeye alijua visiki vimebaki wapi na mkondo wa zamani wa mto unapita wapi. Alikuwa anaangalia kilima cha upande huu na kichuguu cha upande ule, anatega nyavu, na nyavu zinarudi na samaki bila kuchanika.

Mashine ililetwa Julai 1974 na Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita ofisa wa uvuvi. Jina lake Silasi, Mmoraviani wa Usoke, miaka thelathini hivi, bado hajaoa. Serikali ilitaka kujua bwawa lina samaki kiasi gani na wamekaa wapi. Kilikuwa kisanduku cha chuma chenye kioo mbele. Ubavuni mwa boti walifunga mti, na kwenye ncha ya mti, chini ya maji, kitu cha shaba kama kikombe. Kikombe kile kilipeleka mlio chini na kuusikiliza ukirudi. Ndani ya kisanduku karatasi ilijiviringisha taratibu huku sindano ikiichoma na kuacha alama nyeusi, na harufu yake ilikuwa ya nywele zilizoungua. Watu wakaiita redio ya samaki.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Ngollo, alimteua Luhende apige makasia.

"Mwendo mmoja tu, mzee wangu," Silasi alimwambia siku ya kwanza. "Usiharakishe, usipunguze."

Luhende hakuuliza kwa nini. Aliona anafundishwa kupiga kasia na mtu ambaye viganja vyake havina sugu hata moja.

Siku mbili za mwanzo Silasi aliisoma karatasi peke yake, na alikosea sana. Alipoona alama nyingi alisema samaki, kumbe ni matawi yaliyozama. Luhende alijua, akanyamaza. Hakuwa ameulizwa.

Siku ya tatu, boti ilipofika ufukoni, Silasi alitandaza karatasi juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kuanza kuikagua. Marcelina, mke wa Luhende, alikuwa karibu na tanuri la kukaushia samaki, anapasua kambale. Ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote: kuwapasua samaki wa kijiji na kuwakausha kwa moshi. Alinawa mikono, akasogea, akainama juu ya ile karatasi. Muda ukapita.

"Mwanangu, huu mstari mnene ndiyo ardhi?"

"Ndiyo, mama. Ndipo chini."

"Na vinyusi hivi vilivyoinama?"

"Ni samaki. Boti ikimpitia samaki juu yake, anachorwa hivyo, kama nyusi."

Marcelina aligusa sehemu nyingine kwa kidole. "Basi hivi si samaki. Hivi vimetokea kwenye mstari na kusimama wima. Vimeota. Hivi ni visiki." Akahamisha kidole. "Hawa walio katikati ya maji ni perege. Wavu wa jana mliutega hapa, siyo? Perege wake walikuwa wasafi. Lakini wavu wa pale ulileta kambale wenye matope kwenye mashavu. Na hapa ardhi imefifia, haina weusi. Ni matope. Kambale wako hapo, wameulalia mstari hadi huwezi kuwatenganisha nao."

Silasi aliinua kichwa, akamtazama kama mtu aliyeona taa. "Kesho utapanda boti na sisi, mama."

Luhende alikuwa anafunga kamba, umbali wa hatua nne. Alisikia yote. Yote aliyoyasema mkewe alikuwa anayajua tangu zamani, ila hakujua kwamba mkewe anayajua pia. Miaka kumi na minane wameishi nyumba moja, na mkewe hakumwambia hata siku moja.

Tangu kesho yake wakawa watatu. Mpiga makasia huketi akitazama nyuma ya boti, na nyuma ndipo mashine ilipokuwa. Kwa hiyo kutwa nzima, kwa wiki tatu, Luhende alitazamana na vichwa viwili vilivyoinama juu ya kisanduku kimoja. Kilemba cha mkewe, kofia ya Silasi. Mara wanacheka. Mara Silasi anatoa penseli na kuandika kitu pembeni mwa karatasi. Luhende aliendelea kuvuta kasia.

Nyumbani alijaribu kulisema. "Mama Getruda, watu wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Kwamba mwanamke wa mtu anashinda majini."

"Nashinda majini na mume wangu," Marcelina alijibu, akaendelea kusonga ugali.

Sasa, betri ya mashine ilikuwa ikiisha nguvu kila baada ya siku chache, na ilibidi ipelekwe mjini Tabora kuchajiwa. Luhende alikuwa na baiskeli, kwa hiyo kazi ilikuwa yake. Safari moja, kabla ya kuondoka, aliona kipande cha karatasi ya mashine kimechanika na kuachwa sakafuni mwa boti. Alikiokota. Wakati ule alikuwa anahudhuria darasa la watu wazima chini ya bati la ofisi ya kijiji, ameshafika kwenye kuunganisha silabi. Pembeni mwa alama nyeusi aliona maandishi ya penseli. Akaanza na neno la kwanza. Ma. Ra? Hapana, mar. Se? Hapana, ce. Li. Na.

Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kulisoma mwenyewe nje ya darasa, nalo lilikuwa jina la mke wake kwa mwandiko wa mwanamume mwingine.

Aliendesha baiskeli kilomita zote zile na betri nyuma, kile kipande kimekunjwa mfukoni mwa shati. Fundi aliyechaji betri alikuwa Rasiklal, Mhindi mtengenezaji redio mwenye duka dogo mtaa wa Ng'ambo, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Luhende aliweka betri juu ya meza, akatoa karatasi.

"Rasik, nisomee hapa."

Rasiklal aliisogeza kwenye mwanga wa mlango. "'Marcelina anasema: visiki.' Halafu huku, 'Marcelina anasema: perege.' Na huku mwisho, 'Marcelina anasema kambale, tuthibitishe kwa wavu.' Huyu Marcelina nani? Mtaalamu wa Wizara?"

"Luhende hakuandikwa?"

"Luhende yupi?"

"Mimi. Napiga makasia."

Rasiklal alisoma tena, kwa uangalifu, mbele na nyuma. "Hapana, ndugu yangu. Hukuandikwa."

Pengine alimwonea huruma, kwa maana alimvutia kiti na kuanza kumweleza. "Lakini wewe ndiye unaifanya isome, unajua? Karatasi hii inakwenda kwa saa yake yenyewe. Haijui boti inakwenda au imesimama. Ukisimama juu ya samaki mmoja, itamchora mrefu kama reli. Ukikimbia juu ya kundi zima, itawabana wote wawe kijiti. Mpiga makasia akiharibu mwendo, mashine inadanganya, na anayesoma anadanganyika naye."

Luhende alikunywa chai aliyopewa mpaka ikaisha. Akashukuru, akapakia betri, akarudi Igombe akiwa na wazo.

Jumatatu ile walikuwa wanatafuta mahali pa kutega wavu mpya wa nailoni, wa kwanza wa namna yake kijijini, uliopatikana kwa jasho la watu wote. Luhende alijua vilipo visiki vya mininga, kwa kuwa baadhi alivikata kwa shoka lake. Walipovifikia alilegeza makasia, boti ikaelea. Visiki vikachorwa vipana, vimetuna. Walipofika mahali penye perege alivuta kwa nguvu, na kundi zima likawa vijiti vyembamba. Silasi alikuwa anatazama kina cha maji. Marcelina alikunja uso, akakaribia kioo.

"Mama, unasemaje?"

"Inaonekana samaki ni huku kwenye alama pana," alisema mwishowe, bila raha.

Luhende aligeuza uso upande. Alifurahi, na furaha ile ilimwuma kama pilipili kwenye kidonda.

Asubuhi yake walikwenda kuutoa wavu waliokuwa wameutega hapo. Haukutoka. Walivuta watu sita, na ulipotoka ulikuwa umechanika vipande, perege wanne tu ndani yake. Ufukoni watu walisimama wakiutazama kama msiba. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba haya ndiyo ya kuacha kazi ya wanaume mikononi mwa mpasua samaki. Marcelina alimwomba Silasi karatasi ya jana, akaenda nayo kwenye tanuri lake.

Saa nane mchana alimtuma mtu amwite mumewe. Luhende alimkuta ameketi, karatasi mbili magotini, ya wiki iliyopita na ya jana.

"Baba Getruda, kaa."

Akakaa.

"Huu hapa ni mkondo wa mto, kila siku tunaukata mahali pale pale. Wiki iliyopita upana wake ni vidole vitatu. Wiki iliyotangulia, vitatu. Jana, wakati wa kwenda, ni vidole saba. Wakati wa kurudi ni kidole kimoja." Alimtazama. "Mto haukupanuka jana, Baba Getruda. Wewe ndiye ulikuwa unapiga kasia kwa hasira. Imeandikwa hapa."

Luhende alitazama ile karatasi. Kwa mara ya kwanza aliielewa, na alichokiona ni yeye mwenyewe.

"Ni yule Silasi," alisema.

"Silasi amefanya nini?"

"Anaandika jina lako."

Marcelina alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. "Miaka kumi na minane unaniletea samaki niwapasue. Siku moja uliwahi kuniuliza nimeona nini ndani yao? Yule mtoto wa watu aliniuliza. Basi. Hakuna kingine alichofanya."

Mafuta ya samaki yalidondoka kwenye moto, yakalia.

"Sitakusemea," Marcelina aliongeza. "Na sitakutaja. Lakini lawama ya wavu ule sitaibeba mimi."

Luhende alisema mwenyewe, mkutanoni, Jumapili baada ya misa, amesimama mbele ya kijiji kizima. Hakutaja wivu. Alisema aliharibu mwendo kwa makusudi na kwamba mkewe hakukosea. Mzee Ngollo alimwuliza sababu mara tatu, naye mara tatu akajibu, "Ni upumbavu wangu." Wakamwondoa kwenye boti, wakampa adhabu ya kuushona wavu mpaka upone.

Ilimchukua wiki tano. Aliketi ufukoni na sindano ya kushonea nyavu, na kila asubuhi alimwona mkewe akiondoka na Silasi, makasia mikononi mwa Raymundi, jirani yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe, zaidi ya wavu. Alipowasikia wakicheka mbali majini, alikosea fundo na kulifungua upya.

Mvua zilipoanza Novemba, Silasi aliondoka na mashine yake. Mwezi Januari ikaja barua, imeandikwa kwa jina la Luhende kama mume. Aliisoma peke yake, nusu siku, silabi kwa silabi. Silasi aliomba Marcelina aende Kigoma miezi mitatu, akasaidie kusoma karatasi za ziwa kubwa. Angelala kwa masista wa misheni. Marcelina hakujua kusoma. Luhende aliikunja barua, akaiweka mfukoni. Ilikaa siku nne. Alikula nayo, akalima nayo. Siku ya tano, wakipalilia mahindi, aliitoa na kumsomea yote, hata mahali palipoandikwa kwamba Silasi hajakutana na mtu mwenye jicho kama la Marcelina. Hapo alikosea silabi, akaanza upya sentensi ile mpaka akaimaliza.

"Imefika lini?" Marcelina aliuliza.

"Juzi juzi."

Mkewe aliutazama ule mkunjo wa karatasi uliokwisha kuchakaa. Alikwenda Kigoma, na miezi mitatu ilipotimia alirudi.

Mwaka 1977 Silasi alipita Igombe na mke aliyemwoa, Eustadia, na mtoto mchanga. Luhende alimchinjia kuku, akamkaribisha kiti kizuri, akaulizia safari na afya ya kila mtu. Wakiwa wanakula, Silasi aliuliza, bila kumtazama yeyote, kambale siku hizi wamehamia wapi.

"Kule kwenye mawe, upande wa tuta la bwawa," Luhende alijibu haraka, kabla mkewe hajafungua mdomo.

Haikuwa kweli. Kambale walikuwa wameondoka huko tangu kiangazi cha mwaka uliopita, na kila aliyewapasua alijua. Silasi alitikisa kichwa kukubali. Marcelina alimwangalia mumewe, akachukua bakuli bila kumsahihisha, akamwongezea mgeni mchuzi.