Uzi wa Kofia ya Baba

Mama alifariki akiwa amebakisha robo ya kofia ya viua, ile ya kudarizi kwa mkono, aliyokuwa akimshonea Baba, na uzi wake wa kahawia ukawa umekwisha. Nilizunguka maduka yote ya Darajani. Kila kahawia niliyoonyeshwa haikuwa na wekundu ule. Baba naye keshasema Idi hii hatovaa kofia nyengine. Kichwa kigumu, na mimi nimemrithi.

Jumamosi saa moja asubuhi nikapanda gari ya Chwaka, vishada vya uzi mweupe wa pamba mkobani, kofia nimeifunga kwenye kanga. Hata Dunga hatujafika, nshaifungua mara mbili kuitazama.

Chwaka nilipokelewa na Bi Mize, shoga wa Mama tangu chuoni, ndiye aliyekuwa akimtilia nyuzi rangi.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba. Mtu wa mji, vua viatu, twende topeni."

Bahari ilikuwa imekupwa. Bi Mize hakati mti. Anaokota matawi ya mkandaa yaliyoanguka mikokoni na kuyabandua magome. Nilizama mpaka magotini nikapiga ukelele, akanicheka mpaka akashika kiuno.

Adhuhuri magome yalikuwa yameshatwangwa, yanachemka. Uzi ukalala humo hadi alasiri. Ulipokauka nikauweka juu ya kofia. Lahaula! Mwekundu mno.

"Bi Mize, umekosea."

"Sijakosea. Wa mama yako nao ulitoka hivi hivi. Ule umepigwa na jua na mikono yake miaka minne. Wako umezaliwa leo."

"Sasa nitie nini ufanane?"

"Hutii kitu. Nenda kashone."

Nililia pale pale mbele ya sufuria, wala sikuona haya.

Jioni nikarudi mjini. Nilishona siku tisa, na robo yangu ikaonekana waziwazi. Asubuhi ya Idi nilimkabidhi Baba huku nikianza kuomba radhi. Hakunisikiliza. Alipitisha kidole juu ya viua, polepole, kikasimama pale rangi inapobadilika.

"Hapa ndipo alipoishia."

"Naam, Baba."

"Alhamdulillahi. Nilikhofu utapaficha."

Nami Chwaka nilikwenda kutafuta namna ya kupaficha. Baba akaivaa, akaigeuza mpaka pale palipoungana pakakaa juu ya paji la uso, akatoka kwenda kusali.