Mama Alipoisemea Filamu Yake

Nilipokuwa mtoto, hapa Kasingirima, Ujiji, mama yangu alikuwa muuza samaki aina ya migebuka kama wanawake wengine wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Alipotuambia kwamba zamani aliwahi kuwa mchekeshaji wa sinema, mimi na kaka zangu tulimwitikia kwa adabu, kisha tukatazamana. Hatukuwa na picha, wala gazeti, wala mtu wa kutuhakikishia. Mdogo wake, ambaye ni mama yetu mdogo, alikuwepo na angeweza kusema, lakini habari hiyo ikitajwa tu alikuwa anafunga mtandio wake vizuri na kuaga.

Habari yenyewe niliipata vipande vipande. Enzi za filamu za nyeusi na nyeupe, kundi la watengeneza filamu lilikuja Ujiji kutoka Dar es Salaam kupiga filamu ya kuchekesha, juu ya mvuvi mvivu anayemkimbia mkewe ili asipelekwe ziwani. Mwanamke waliyekuja naye kuigiza huyo mke alipopandishwa mtumbwini alitapika, na baada ya hapo akakataa katakata kurudi majini. Mama, wakati huo msichana asiyeolewa, alikuwa kando na beseni lake la samaki anatazama. Mwongozaji alipouliza nani anaweza kukimbia mchangani na beseni kichwani, wenzake wakamsukuma mbele. Akakimbia huku anamfokea yule mvivu maneno aliyoyatunga palepale. Hakudondosha samaki hata mmoja, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa hakimu. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi warudie. Kazi ilipokwisha wakataka aende nao Dar es Salaam.

Babu yangu, mchonga mitumbwi na mtu wa msikitini, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, hakuafiki. Alisema binti yake hawezi kwenda kukimbizana na mwanamume asiye wake mbele ya macho ya dunia. Bibi ndiye aliyemtetea. Alisema ameishi miaka mingi na hajasikia popote kwamba kuwachekesha watu ni haramu. Basi mama akapanda treni, akaenda Dar es Salaam, akaigiza filamu baada ya filamu: mke, mama mkwe, nesi mwenye sindano kubwa kuliko mgonjwa. Daima alikuwa mtu mwenye hasira katikati ya vurugu, na hakutabasamu kamwe.

Siku moja nilimuuliza alijifunza wapi. Alikuwa anaparua samaki, hakuinua kichwa.

"Ukicheka wewe kwanza," alisema, "umemnyang'anya mtazamaji kicheko chake."

Magari ya sinema yalizitembeza filamu hizo vijijini, na kwa miaka michache mama hakuweza kushuka stesheni ya Kigoma bila wapagazi kumwigiza anavyotembea. Babu hakwenda kuzitazama, na mama mdogo akakatazwa. Babu alipofariki, mama mdogo aliendelea kujikataza mwenyewe. Kisha kampuni ya filamu ikafungwa, mama akarudi nyumbani, akaolewa na baba, akarudia beseni lake. Hakulalamika mbele yetu hata siku moja. Nadhani hilo pia lilitufanya tusimwamini, maana tulidhani mtu aliyewahi kuwa maarufu lazima anung'unike.

Mwaka juzi nilipigiwa simu na mwalimu wa chuo kimoja, akiniuliza kama mimi ni mtoto wa mwanamke fulani aliyecheza filamu. Alikuwa amekuta mikanda ya zamani kwenye stoo, ikasafishwa na kuingizwa kwenye kompyuta. Filamu ya mama ilipona moja tu, ile ya kwanza kabisa, na mwalimu alitaka ioneshwe huku huku ilikopigwa. Nilipomfikishia mama habari hiyo aliuliza kama miguu yake inaonekana. Nilimjibu sijui. Akasema basi tutaiona wote.

Ukumbi ulikuwa Katubuka, mjini Kigoma, mchana, madirisha yamezibwa kwa vitenge. Asubuhi ile mwalimu alitufuata kwa unyonge. Picha ni safi, alisema, lakini sauti imeoza, hakuna kinachosikika isipokuwa mkwaruzo. Alikuwa amejiandaa kuwaeleza watu kidogo kidogo nini kinatokea.

Mama akamwambia, "Mwalimu, usihangaike. Niletee kipaza sauti, nitasema mwenyewe."

Niliogopa. Mama ana zaidi ya miaka sabini na huwa anatafuta miwani aliyoivaa. Niliketi karibu naye ili nimsaidie akikwama, huku naona ukumbi unajaa mpaka watu wanasimama. Mama mdogo alikuja pia, kwa kulazimishwa na wajukuu zake, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Taa zikazimwa. Ukutani akatokea msichana mwembamba, beseni kichwani, na nyuma yake ziwa letu. Nilimfahamu kwa uso ule mkavu kabla hajapiga hatua. Mama akaanza kusema.

Alisema sauti ya mke, nzito ya mvivu, ya jirani mwenye lafudhi ya Kiha, na hata ya mbuzi aliyepita kwa bahati mbele ya kamera. Midomo ya ukutani ilipofunguka, maneno yalikuwepo. Mengine najua hayakuwa ya zamani, maana mvivu alidai hakuitikia mkewe kwa sababu simu ilikuwa imeisha chaji. Watu walipiga miguu sakafuni. Wazee walifuta macho. Nilimgeukia mama, nikaona mwanga wa filamu usoni mwake: uso uleule, haucheki.

Katikati ya kelele nilisikia kicheko kimoja chembamba, kama cha mtu anayesongwa. Kilikuwa cha mama mdogo. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, haukusaidia. Akainuka, akawapita watu, akaja mbele. Filamu ilipokwisha na ukumbi mzima umesimama unashangilia, alikuwa amemshika mama mkono.

"Dada," alisema, "miaka yote hii ningekuwa nacheka."

Mama alimsogezea kiti. "Kaa hapa. Wanairudia."

Na kweli iliwabidi kuirudia, kwa sababu waliobaki nje walikuwa wengi na hawakukubali kuondoka. Mara ya pili mama alisema mambo tofauti kabisa, na waliokuwa wameshaitazama walicheka kuwazidi wapya.

Baadaye chuo kilimrekodi, na sasa filamu ile inasema kwa sauti yake, jina lake likiwa la kwanza ukutani. Lakini vijiji vya mwambao bado vinamtaka yeye mwenyewe. Mwezi uliopita tulikwenda kwa boti hadi Kagunga, mpakani na Burundi. Wanawake wa Burundi waliokuja kuuza bidhaa walisimama kutazama, na ingawa baadhi walielewa nusu ya maneno, kicheko chao kilikuwa kizima. Jua lilikuwa bado juu nahodha alipotuma mtu kutuita tuondoke. Mama mdogo ndiye aliyemjibu. Alimwambia asubiri, dada yake hajamaliza kazi.