Taa ya Nyuma na Ukanda wa Ngozi

Mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa Dodoma, na kwa miaka mingi safari yangu ndefu ilikuwa ile ya kwenda shule ya sekondari na kurudi, nayo niliifanya kwa kulazimishwa. Ndiyo maana mume wa dada yangu, Mrangi wa Kondoa, aliniita mwali, kama msichana anayewekwa ndani hadi siku ya kutolewa. Akifika kwetu humwamkia mama kwanza, kisha huuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Mwali yumo ndani, au leo kathubutu kufika uani?"

Siku hizo shemeji alikuwa dereva wa lori la mtu. Kisha akajipatia pikapu yake mwenyewe, kuukuu, mojawapo ya magari yaliyouzwa Kongwa Waingereza walipokata tamaa na mashamba yao ya karanga. Lilibaki jambo moja: leseni ya kubebea mizigo njia ya Kondoa. Kuipata, lazima gari likaguliwe na Mzungu wa polisi, naye alikagua mara moja kwa mwezi. Likikataliwa, magunia ya ulezi ya msimu ule yangebebwa na wengine, na shemeji angerudi kwenye lori la mtu.

Wiki mbili kabla ya ukaguzi aliliacha gari uani kwetu, akaenda kumalizia safari za tajiri wake. "Nalilaza hapa," alisema, "maana mlinzi wake namjua, hatoki."

Kweli sikutoka. Nililizunguka lile gari mpaka nikaona kasoro: taa ya nyuma inacheza. Taa yenyewe ilikuwa moja tu, juu ya kibao cha namba; iliangaza namba, na dereva akikanyaga breki iling'aa zaidi. Nati zake zilikuwa zimelika, ikawa inagonga bodi kama mgeni asiyesubiri kukaribishwa. Sasa sisi Wagogo kitu kikicheza hatutafuti nati, tunatafuta ngozi. Mpini wa shoka uliopasuka, kigoda kilicholegea, vyote hufungwa kwa ukanda wa ngozi mbichi uliolowekwa. Ukikauka hukaza kuliko chuma. Nikazing'oa nati zile, nikaweka kipande cha ngozi ya ndama kati ya taa na bodi, nikafunga kwa ukanda, nikaliachia jua limalize kazi. Juu nikapaka samli, ngozi isije ikapasuka. Mama alipita akaitikisa taa. Haikutikisika.

"Kumbe shule haikuharibu yote," akasema.

Shemeji alirudi asubuhi ya siku ya ukaguzi. Mzungu alikuwa anaanza saa nane mchana. Kitu cha kwanza alichokiona shemeji ni ule ukanda. "Nani kafunga hivi? Hii ndiyo kazi!" Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba ni mimi. Akawasha taa, akazunguka. Mbele zinawaka. Nyuma, hakuna kitu.

"Balbu imeungua," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Akaichomoa, akaigusanisha na betri kwa vipande viwili vya waya. Ikawaka. Nikasema basi waya umekatika. Akachukua balbu ya mbele, kitako chake akakigusisha kwenye waya wa nyuma na ubavu wake kwenye bodi. Nayo ikawaka.

"Balbu nzima, waya mzima," akasema. "Haya msomi, mgonjwa ni nani?"

Nikaomba karatasi, nikaanza kuchora. Yeye akarudisha balbu zote mahali pake, akazima taa, akaingia ndani na kukanyaga breki. Mama alikuwa mbele ya gari anapepeta mtama.

"Jamani," akasema mama, "mbona hili gari linafumbua macho?"

Nikakimbilia mbele. Taa mbili ndogo za kwenye madigadi, ambazo hakuna aliyeziwasha, zilikuwa zinawaka hafifu. Akiachia breki zinazima. Akikanyaga zinafumbuka tena.

"Gari limelogwa," akasema shemeji. "Nalipeleka kwa yule fundi Mhindi, alifumue nyaya zote."

Fundi yule angelifumua mpaka kesho yake. Nami nilikuwa nimeshaelewa. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kwa kupitia bodi ya gari. Ukikosa njia ya kurudi huku nyuma, utafuata waya wa taa ndogo hadi mbele kuitafuta. Na taa ile haikugusa bodi mahali popote. Katikati alilala ndama wangu.

Ningeweza kunyamaza, nikabaki na sifa zangu za asubuhi. Ilikuwa saa sita na nusu.

"Shemeji," nikasema, "mgonjwa ni mimi."

Nikachukua bisibisi, ncha nikaigusisha kwenye taa, shina kwenye bodi. Taa ikawaka nyekundu. Nikaiondoa, ikazima. Shemeji aliutazama ukanda, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini.

Kuukata ukanda hatukuweza, maana nati nilishazitupa. Tukakwangua rangi ya bodi kwa kisu hadi chuma kikang'aa, tukaunga kipande cha waya kutoka kwenye taa hadi hapo.

Saa nane Mzungu alikagua breki, honi na taa. Kisha akaushika ule ukanda, akauvuta kwa nguvu. Haukusogea. Akanusa vidole vyake, akasema neno kwa askari wake.

"Bwana anauliza hii ni nini."

"Ngozi ya ndama," shemeji akajibu.

"Anauliza inanuka nini."

"Samli."

Mzungu aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akagonga muhuri.

"Mwali," shemeji akaniambia tukiwa njiani kurudi, "faini yako ni Kondoa."

Safari ya kwanza ya leseni ile nilipanda nyuma, nimejishikilia ubavuni. Kila mteremko alikanyaga breki na kupaza sauti, "Inawaka?" nami nainama kuchungulia na kujibu, "Inawaka!" Tulipofika kwao sauti ilikuwa imenikauka kwa vumbi, na mama yake, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliuliza kama naumwa.

"Haumwi, mama," akasema shemeji. "Ndiyo kwanza ametolewa nje leo."